Kikoa cha Wapasha Habari

Lugha ya Kiswahili ina majina mengi ya watu kula pamoja, na kila jina lina sheria yake. Karamu ni chakula cha mwenyeji: yeye hutoa, wageni hula, na deni la shukrani hubaki shingoni mwao mpaka walilipe kwa karamu nyingine au kwa heshima. Bia ni gharama iliyogawanywa: kila mtu hutoa fungu lake, wala hapana amshukuruye mwenziwe kwa kitu alichojinunulia mwenyewe. Kikoa ni zamu na mchango: leo huyu, kesho yule, mpaka duara litimie na pasiwepo mwenye deni. Wazee waliotenga majina haya hawakuwa wakicheza na maneno. Walijua kuwa tonge lile lile la wali laweza kumfanya mtu kuwa mgeni, au mshirika, au mtumwa, kwa kadiri ya mkono uliolilipia.

Siku hizi limeingia jambo ambalo jina lake halijatulia. Watu wa kazi moja hukusanyika siku moja au mbili, husikiliza hotuba, hula, hupeana namba za simu, hupiga picha ya pamoja, kisha hutawanyika. Baadhi yao huliita kujuana. Wengine husema ni kujenga mtandao. Limeenea hasa kati ya watu wa vyombo vipya vya habari: wenye blogu, wenye idhaa za picha katika YouTube, wasomaji wa habari katika makundi ya WhatsApp, wapiga picha ambao hawana mwajiri ila simu zao. Mwenye kuandaa mkusanyiko wa namna hii hudhani kuwa shughuli yake ni viti, vipaza sauti na chakula. Kupanga ni kuchagua, Mwalimu Nyerere alikuwa akisema. Na mtu huyu, kabla hajafika kwenye viti, amekwisha kuchagua mambo mazito zaidi: nani aitwe, nani asiitwe, na kwa mali ya nani.

Na uchukuliwe mfano wa Mbegani. Mahali hapa ni pwani, kusini ya mji wa Bagamoyo, karibu na magofu ya Kaole yenye msikiti wa kale na makaburi ya mawe. Pana chuo cha uvuvi, kilichoinuliwa zamani kwa msaada wa Norway, ambacho sasa kimo chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Mjini Bagamoyo kipo chuo cha pili, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kilichoanza mwaka 1981, nacho huwaleta vijana wa ngoma, maigizo na picha kutoka pande zote za nchi. Ichukuliwe, basi, kwamba watu ishirini wa vyombo vipya kutoka Bagamoyo, Kaole, Mlingotini na vitongoji vya kaskazini mwa Dar es Salaam wamekata shauri kukutana Mbegani kwa siku moja. Mmoja ana blogu ya habari za wilaya. Mwingine hupiga picha za harusi, na siku zisizo za harusi hutafuta habari. Yuko mwanamke atangazaye bei ya samaki kila alfajiri kwa sauti yake katika simu za wachuuzi. Yuko kijana aliyehitimu sanaa ambaye hukata na kuunga filamu za wenzake kwa ujira mdogo. Hawa hawajawahi kukaa katika chumba kimoja, ijapokuwa kila mmoja amewasikia wengine.

Lipo pingamizi la kwanza, nalo ni la watu waungwana. Husema kuwa kumwendea mtu kwa ajili ya faida utakayoipata kwake ni kumgeuza ngazi. Anayepeana mkono huku jicho lake likipima ukubwa wa mwenziwe hana urafiki. Ana biashara iliyovaa kanzu ya urafiki. Pingamizi hili lina babu mkubwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, aliugawa urafiki katika mafungu matatu: ule wa manufaa, ule wa raha, na ule wa wema, na ule wa manufaa akauweka chini, kwa sababu hufa siku manufaa yanapokwisha.

Walakini hakusema kuwa urafiki wa manufaa ni dhambi. Alisema ni wa muda mfupi. Na watu wa pwani wanajua jambo moja juu ya manufaa. Katika vyombo vya uvuvi, samaki wakishatiwa pwani, hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia. Mwenye nyavu na mwenye nguvu za mikono hawakukutana kwa mapenzi. Wamekutana kwa kuwa mmoja peke yake hapati samaki. Kati yao hapana aonaye haya kusema hivyo. Mara nyingi heshima iliyo kuu kuliko ya marafiki wengi huzaliwa humo, maana kila mmoja amekwisha kumwona mwenziwe wakati wa dhoruba. Ubaya wa manufaa huanza pale yanapofichwa, au pale mtu anapotaka fungu na hakuja na wavu wala kasia. Mikusanyiko mingi ya siku hizi inakosea hapa: watu hupeana kadi kabla hawajapeana shida. Huondoka na majina mia wasiyoweza kuyapa kazi.

Mbegani ina kazi ya kuwapa. Kwa miaka mingi mahali hapa pametajwa kuwa pa bandari kubwa mpya. Mwaka 2013 makubaliano ya kwanza yalitiwa saini wakati Rais Xi Jinping wa China alipozuru Tanzania. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 mradi ulisimamishwa katika utawala wa Rais John Magufuli, ambaye alisema waziwazi kuwa masharti ya wawekezaji hayakubaliki. Na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuwa mazungumzo yatafufuliwa. Katika tarehe hizi nne vipo vijiji, mashamba ya minazi, makaburi ya wazee, watu waliopokea fidia na watu waliosema kuwa fidia haikutosha. Habari ya namna hii haiwezi kuandikwa vema na mtu mmoja. Mwenye blogu anazo nyaraka lakini hana picha. Mpiga picha anayo picha lakini hajui sheria ya ardhi. Mtangazaji wa bei ya samaki hana kimoja wala kingine, illa anajua majina ya watu waliohama na mahali wanapokaa sasa, na hao humwamini kwa kuwa sauti yake huingia majumbani mwao kila alfajiri. Wakikutana kwa ajili ya kazi hiyo, kujuana kwao ni kwa manufaa, na hapana mwenye haki ya kukudharau.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na anayelitoa si mwungwana bali mchumi. Mwaka 1776 Adam Smith wa Uskochi aliandika kuwa watu wa biashara moja ni nadra kukutana, hata kwa burudani, bila mazungumzo yao kuishia katika njama juu ya umma au hila ya kupandisha bei. Alikuwa akiwafikiria wafanyabiashara na mafundi. Lakini wapasha habari nao ni watu wa kazi moja, na umma ndio mnunuzi wao. Wakikubaliana juu ya bei ya matangazo, madhara si makubwa. Mwenye duka la simu atalipa zaidi kidogo, naye atanung'unika. Njama iliyo mbaya ni ile isiyoandikwa popote: mapatano ya kunyamaza. Watu ishirini waliokuwa hawajuani walikuwa na macho ishirini. Wakishajuana, wakala pamoja na kuitana ndugu, huenda macho yakapungua, kwa kuwa ni vigumu kuichapa habari ambayo ndugu yako ameomba isichapwe. Kila ushirika una mlango huu wa nyuma, na mwenye kupanga mkutano hana budi kuujua upo wapi.

Mlango wenyewe aghalabu hufunguliwa na chakula.

Katika nchi hizi imezoeleka kuwa mtu aitwaye mkutanoni hulipwa kwa kuja kwake. Jina la malipo ni posho, na kwa watu wa habari liko jina jingine, bahasha. Katika mwaka 2011 Bunge la Tanzania lilishughulishwa sana na jambo hili, pale Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipokataa posho ya kikao, akisema kuwa kukaa katika kikao ni sehemu ya kazi ambayo mbunge amekwisha kulipwa mshahara wake. Wengi walimsifu, wenziwe wengi walichukizwa. Lakini mbunge ana mshahara. Mtu wa chombo kipya cha habari aghalabu hana. Ameacha kazi ya siku nzima, amepanda basi, amenunua muda wa maongezi. Kumwambia akatae bahasha ni wepesi kwa aliyeshiba, na mahubiri mengi juu ya rushwa ya wapasha habari yameandikwa na watu wenye pensheni.

Kwa hiyo haifai kulihukumu jambo hili kwa neno moja. Kuna nauli, na kuna posho. Nauli humrudishia mtu alichokitoa, ikamwacha pale alipokuwa. Posho humwongezea, na nyongeza huuliza: kwa nini? Ikiwa jibu ni kwamba amefundisha au amefanya kazi, ni ujira, wala haina kosa. Ikiwa jibu ni kwamba amekuja tu, basi kilichonunuliwa ni kuja kwake; na mtu ambaye kuja kwake kumenunuliwa atajiuliza, kalamu ikiwa mkononi, kama na kuandika kwake kumenunuliwa pia. Huenda hakuna aliyemwomba chochote, na hii ndiyo hila ya zawadi: hainong'oni, humwacha aliyeipokea anong'one mwenyewe.

Huko Mbegani mtu wa kulipia mkutano wote hatakosekana. Aweza kuwa kampuni ya simu, aweza kuwa benki, aweza kuwa ofisi yoyote yenye shauri juu ya ardhi ile ya pwani. Atatoa ukumbi, chakula na fulana zenye jina lake, wala hataweka sharti hata moja. Atataka dakika kumi tu za kusalimu. Je, wakubali? Wapo wasemao kuwa fedha haina harufu, na kwamba matajiri wakitaka kulisha masikini, masikini wale. Neno hili lina nguvu kwa jambo la njaa. Halina nguvu kwa jambo la ushahidi. Kadhi hali kwa mmoja wa wadai asubuhi ya hukumu, hata kama ana njaa ya kweli, na hata kama mdai huyo ndiye mwenye haki. Mpasha habari si kadhi, lakini umma humwuliza jambo moja na la kadhi: alikula kwa nani?

Historia ya magazeti ya Kiswahili inatoa mfano ulio wazi. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na Mambo Leo tangu mwaka 1923. Gazeti hilo lilikuwa na hazina ya dola nyuma yake, likadumu miongo mingi, na kuwalea washairi wengi wazuri. Mwaka 1937 Erica Fiah, Mganda mwenye duka katika Dar es Salaam, alianzisha gazeti lake, Kwetu, kwa mfuko wake mwenyewe. Lilihangaika daima kwa fedha. Lakini Kwetu liliweza kuwasemea Waafrika mambo ambayo Mambo Leo, kwa vyovyote, lisingeweza kuyasema dhidi ya mwenye kulilisha. Msomaji wa haki atakiri kuwa Mambo Leo lilikuwa na mema yake, na kwamba umaskini haukumfanya Fiah kuwa sahihi katika kila jambo. Ulimfanya awe huru kukosea kwa akili yake mwenyewe, na uhuru huo una bei.

Bei hiyo kwa watu ishirini wa Mbegani si kubwa kama inavyosemwa. Kila mtu akitoa shilingi 15,000, zinapatikana shilingi 300,000, nazo, samaki wakinunuliwa pwani na wali ukipikwa na wenyewe, zitafika mbali. Ni ajabu kwamba watu wale wale husema hazipatikani. Katika mji huo huo ikitokea harusi, kamati huundwa, kadi za michango husambazwa, ahadi huandikwa daftarini, na mamilioni hupatikana kwa usiku mmoja wa muziki. Desturi ya kuchangiana haijafa. Imehamia harusini, ikaiacha kazi bila mlezi.

Litatolewa neno la haki: na asiyekuwa na shilingi 15,000? Hapa ndipo kikoa kinapoishinda bia. Bia humtaka kila mtu kiasi kile kile, na kwa hiyo humfukuza maskini kwa hesabu. Kikoa hukubali kila mtu aje na alicho nacho. Mtangazaji wa bei ya samaki aweza kuleta samaki kwa bei ya mwenyeji. Kijana wa filamu aweza kufundisha saa moja. Mwingine akaleta kuni, mwingine akaosha vyombo. Lakini mchango usisomwe kwa kipaza sauti kama katika harusi. Aliyetoa kuni akisikia jina lake likisomwa baada ya jina la aliyetoa laki moja, tayari karamu imerudi kwa mlango mwingine, na mwenye laki amekuwa mwenyeji wa wote.

Swali la nani aitwe lina uchungu wake. Mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu na idhaa za mtandaoni kupata leseni: shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka; asiyetii aliweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo Jamii Forums, uwanja mkubwa kupita wote wa mijadala ya Kiswahili mtandaoni, uliokuwepo tangu 2006, ulijifunga kwa muda. Na blogu nyingi ndogo zilinyamaza, nyingine zisirudi tena. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022, na baadhi ya masharti yakalegea. Lakini mstari uliochorwa umebaki katika fikira za watu: huyu ni mtu wa habari, yule ni mtu mwenye simu.

Mwandaaji mwenye hadhari atasema: tuwaalike wenye leseni peke yao, ili mkutano usipate matatizo. Hadhari si woga, na mtu mwenye watoto asilaumiwe kwa kuitumia. Hata hivyo na akumbuke historia ya kazi yenyewe. Ndesanjo Macha alipoanza kuandika Jikomboe, blogu ya awali kabisa ya Kiswahili, mwaka 2004, na Issa Michuzi alipoanza blogu yake ya picha mwaka 2005, leseni ya namna hiyo haikuwepo duniani mwa Kiswahili. Kwa kipimo cha karatasi, wote wawili wangezuiliwa mlangoni. Kibali husema nani amelipa ada. Hakisemi nani husema kweli. Mkutano unaoitisha kwa orodha ya ofisi umeipa ofisi kazi ya kuchagua marafiki.

Kwa upande wa pili, kumwita asiye na leseni na kumpiga picha mbele ya bango ni kumweka hatarini kwa ajili ya sifa ya mwandaaji. Haki hapa si kuita tu. Ni kuita kwa namna isiyomdhuru aliyeitwa. Pengine picha ya pamoja isipigwe. Hasara ni ndogo, maana picha hizo hufanana zote. Na ukumbi wa chuo, ambacho ni mali ya serikali, ulipiwe kodi yake kamili na risiti itunzwe. Ukumbi wa bure una ulimi.

Yabaki mazungumzo yenyewe. Ikiwa yataanza kwa kila mtu kujitaja jina na idadi ya wafuasi wake, mkutano utakuwa soko, na bei zitakuwa zimeandikwa vifuani kabla ya chai. Ingefaa zaidi kila mmoja aanze kwa kusema habari moja aliyoijua na hakuitoa, na sababu ya kutoitoa. Mmoja atasema aliogopa kesi. Mwingine atasema mtangazaji wake wa biashara alimpigia simu. Mwingine, ambaye atachukua muda zaidi kufungua kinywa, atasema mhusika alikuwa mjomba wake. Katika saa hiyo moja watajuana kuliko katika miaka kumi ya kupeana kadi.

Lakini yakisemwa hayo, lazima waahidiane kuwa hayatatoka nje ya chumba. Na hapo Adam Smith anarudi kutoka kaburini. Watu wa habari wamekaa faragha, nao wana siri juu ya umma. Jibu la kwamba siri yao ni njema halitoshi, kwa kuwa kila wenye siri husema hivyo. Yapo matamko mawili yafananayo kwa sura: "tusiseme kwamba fulani aliogopa," na "tusiseme kile alichoogopa kukisema." La kwanza humlinda mnyonge aliyekiri udhaifu wake. La pili humlinda yule aliyemtisha. Watu ishirini wanaweza kuliapia la kwanza na kulikataa la pili, na njia ya kufanya hivyo ni ya kazi: ile habari ambayo mmoja aliiogopa peke yake ichukuliwe na watatu au wanne, wasiokuwa na mjomba ndani yake, wasiokula kwa yule mwenye kutangaza biashara, na itoke kwa siku moja katika vyombo vyote vinne. Kama ni habari ya fidia ya Mbegani, wa kuisoma kwanza, kabla haijatolewa, ni wale walioihama ardhi hiyo, ambao hawakualikwa kwenye kikoa kwa sababu hawana blogu wala idhaa, na ambao mtangazaji wa bei ya samaki anajua wanapokaa.